1837 ni Nyoka au Ngazi?

Swali lilitoka kwa msichana wa gredi ya sita, Jumamosi moja saa nne asubuhi, Chaani, trela zikinguruma barabarani mpaka mtu asubiri zipite ndipo aongee. Kizibo chake cha soda kilikuwa kimetua kwenye boksi la 1837 na, kwa sheria nilizotunga mwenyewe, ilibidi amezwe na nyoka arudi hadi 1729. Hakushuka. Alikishika kizibo, akaniangalia.

"Ticha, hao Wachangamwe si ndio wa hapa? Umesema ndio walimwita Seyyid Said. Sasa kama walimwita, na akaja, na akashinda, si wao pia wameshinda? Mbona naliwa na nyoka?"

Nilimwambia ashuke tu, sheria ni sheria. Akashuka, lakini amenuna. Mimi nikabaki na lile swali wiki nzima kama mwiba wa samaki kooni.

Wacha nirudi nyuma kidogo. Niliacha chuo kikuu mwaka wa pili. Nilikuwa nasomea ualimu, historia na Kiswahili, karo ikanishinda, nikarudi nyumbani Magongo na begi moja la nguo na moja la fotokopi. Siku hizi naandika popote wanaponilipa, na Jumamosi nasomesha watoto wa majirani, kumi hivi, kwenye chumba cha kukodi. Wazazi wanalipia hesabu na Kiingereza. Historia naipenyeza mimi, saa ya mwisho, vichwa vikishachoka.

Nilianza kuipenyeza siku niliyowauliza: Changamwe ni nini? Wakajibu: ni steji. Ni raundabauti. Ni rifaineri. Wote walikuwa sahihi. Lakini hakuna aliyejua kwamba Changamwe, kabla ya kuwa raundabauti, ilikuwa jina la watu. Wanaotoka Port Reitz hawakujua Reitz ni nani. (Alikuwa luteni wa jeshi la wanamaji la Uingereza. Kapteni Owen alimwacha Mombasa mwaka 1824 aisimamie, akafa kwa homa miezi michache tu baadaye. Jina ndilo lililobaki.) Walichojua ni kwamba Vasco da Gama alifika mwaka 1498. Hicho kila mtoto wa Kenya anakijua, hata yule ambaye hajawahi kuiona bahari.

Basi nikaomba karatasi ngumu ya boksi la friji kwenye duka moja, nikanunua kalamu ya wino mzito na dadu, nikachora nyoka na ngazi. Maboksi sitini, kutoka 1498 mpaka 1963. Mwaka 1505 Wareno chini ya Almeida wanaiteketeza Mombasa: nyoka. Mwaka 1593 wanaanza kujenga Ngome ya Yesu: nyoka. Mwaka 1631 Yusuf bin Hassan, mfalme waliyemlea wao wenyewe kule Goa, anawageuka na kuitwaa ngome: ngazi. Mwaka 1698 ngome inaanguka mikononi mwa Waomani baada ya kuzingirwa kwa karibu miaka mitatu: ngazi. Mwaka 1837 Seyyid Said anawaondoa Wamazrui: nyoka. Mwaka 1896 reli inaanza: ngazi. 1963: umefika, umeshinda, chukua peremende.

Watoto waliupenda. Walipiga kelele, waligombania dadu, walikumbuka miaka. Nilijiona mwalimu kweli kweli, mpaka yule msichana aliponiuliza swali lake.

Nilipoanza kusoma kuhusu michezo ya aina hii niligundua kosa langu ni kosa la zamani sana. Mwaka 1759, kule London, mtu aitwaye John Jefferys alichapisha mchezo wa kufundishia watoto jiografia, safari ya kuzunguka Ulaya. Mchezaji anayetua Roma anaadhibiwa kwa kubusu kidole cha mguu cha Papa: anafukuzwa mpaka Iceland kwenye baridi na kukosa zamu tatu. Mtoto wa Kiingereza alidhani anajifunza Roma iko wapi. Kumbe alikuwa anafundishwa pia kuwadharau Wakatoliki. Na nyoka na ngazi yenyewe asili yake ni Bara Hindi, ambako ilikuwa somo la maadili: ngazi ni matendo mema, nyoka ni dhambi, na mwisho wa ubao ni wokovu. Waingereza waliichukua katika karne ya 19 wakaifanya mchezo wa sebuleni. Lakini hata ukiufuta ule wema na ile dhambi, umbo linabaki: aliyechora ubao ameshaamua lipi zuri na lipi baya kabla wewe hujarusha dadu.

Mimi pia nilikuwa nimeshaamua. Swali ni nani alinisaidia kuamua.

Mombasa ya zamani ilikuwa ya Thenashara Taifa, mataifa kumi na mawili ya Waswahili yaliyogawanyika mafungu mawili. Tisa Taifa walikuwa Wamvita, Wajomvu, Wakilifi, Wamtwapa, Washaka, Wapate, Wafaza, Wagunya na Wakatwa. Thelatha Taifa walikuwa Wakilindini, Watangana na Wachangamwe. Kila fungu lilikuwa na kiongozi wake, tamim, na kila fungu lilikuwa na marafiki zake miongoni mwa Wamijikenda. Hawa watatu wa kwetu walisimama zaidi na Wadigo na Waduruma. Kwa hiyo aliyetaka kuitawala Mombasa, awe Mreno, Mwomani au nani, hakutosheka kushika ngome. Alilazimika kujua nani amekasirikiana na nani ng'ambo ya Makupa.

Wareno waliporudi mwaka 1728, watu wa Mombasa waliwatimua mwaka uliofuata na kupeleka ujumbe Oman kuomba ulinzi. Ulinzi ukaja, na baadaye ukaja na magavana wa ukoo wa Mazrui, ambao kufikia katikati ya karne ya 18 walikuwa wanatawala kama nchi yao. Karibu miaka mia moja walishikilia. Seyyid Said alijaribu kuwatoa kwa nguvu zaidi ya mara moja, wakamkatalia. Kisha Salim bin Ahmed akafa mwaka 1835, Wamazrui wakaanza kugombana wenyewe kwa wenyewe, na Thelatha Taifa, waliokuwa wamechoka kuwekwa kando, wakamwendea Seyyid Said. Mwaka 1837 mlango ukafunguliwa kutoka ndani. Wakubwa wa Kimazrui wakakamatwa kwa hila na kusafirishwa hadi Bandar Abbas.

Sasa kwa nini mimi, mtoto wa Changamwe, nilichora nyoka hapo? Nilikaa na hilo siku kadhaa. Jibu nililolipata ni Muyaka. Muyaka bin Haji, mshairi mkubwa wa Mombasa wa wakati ule, alikuwa upande wa Wamazrui, na mashairi yake yalihifadhiwa na Mwalimu Sikujua na kuchapishwa kitabu mwaka 1940. Chuoni tulimsoma yeye. Ukisoma vita kupitia kinywa cha Muyaka unajikuta umesimama juu ya ukuta wa Ngome, unaangalia majahazi ya Seyyid Said yakija, na moyo unakudunda. Wachangamwe hawakuniachia mshairi wa aina hiyo, au kama walikuwa naye, sikusomeshwa. Basi nikaichukua huzuni ya Mvita nikaichora nyoka, nikamletea mtoto wa Chaani aimeze.

Jumamosi iliyofuata nilibandika karatasi nyeupe juu ya nyoka wote na ngazi zote. Miaka ikabaki mitupu. Nikatengeneza kadi: Mchangamwe. Mmazrui. Mduruma mwenye shamba. Mtumwa wa shamba. Kibarua Mhindi wa reli. Kuli wa bandarini. Mke wa nahodha. Kila mtoto anachukua kadi bila kuangalia. Ukitua kwenye mwaka, unasema kama kwako ni nyoka au ngazi na kwa nini. Wenzako wakikubali, unapanda au unashuka boksi tatu. Wakikataa, unakaa hapo hapo.

Yule msichana alipata kadi ya Mmazrui. Akatua 1837. Akasema, "Nyoka. Tena nimesalitiwa." Darasa likacheka. Aliyekuwa na kadi ya Mchangamwe akaruka: "Hatukusaliti, nyinyi mlitubana!" Kisha zamu ikafika kwa mvulana mdogo, mpole, ambaye mara nyingi haongei. Kadi yake ilikuwa Mtumwa wa shamba. Akaitazama, akatazama ubao. "Kwangu mimi ni boksi tu. Bwana amebadilika, jembe ni lile lile."

Sikumfundisha hilo. Nilichowaambia ni kwamba baada ya Seyyid Said mashamba ya pwani yaliendelea kulimwa na watumwa, na kwamba katika mwambao wetu utumwa haukufutwa kisheria mpaka mwaka 1907, miaka kumi na mbili tangu Waingereza watangaze himaya yao hapa. Yeye ndiye aliyeunganisha. Ningeweza kusimama mbele yao saa nzima nisilitoe lile neno.

Basi ningeacha hapo ningekuwa na hadithi nzuri ya mafanikio. Lakini kulikuwa na 1896.

Tarehe 30 Mei mwaka huo reli ya Uganda ilianza kulazwa Kilindini. Ilivuka Makupa, ikapita hapa petu Changamwe, ikapanda, na mwezi wa Desemba 1901 ikafika ziwani, Kisumu. Vibarua wapatao 32,000 waliletwa kutoka Bara Hindi, na karibu 2,500 walikufa njiani. Hao simba wa Tsavo tunaowasimulia waliua wachache tu. Maradhi na ajali ndiyo yaliyoua wengi. Reli ndiyo iliyoifanya Changamwe hii ya leo. Kwa reli walikuja watu wa bara kufanya kazi bandarini, kwenye karakana, baadaye kwenye rifaineri iliyoanza kazi mwaka 1963. Darasa langu nusu yake ni wajukuu wa safari hiyo.

Mvulana mmoja, babu yake alitoka Nyanza kuja kufanya kazi bandarini, akasema 1896 ni ngazi, bila hata kuangalia kadi yake. Msichana wa Kiduruma akasema ni nyoka, reli na mji vilikula ardhi. Mvulana: "Lakini bila reli singekuwa hapa." Msichana: "Ndiyo maana." Kimya. Halafu mwingine kutoka nyuma: "Nyinyi watu wa bara mlikuja tu." Mwingine: "Kwani hapa ni kwa mama yako?"

Nilifunga mchezo. Nikawapa hesabu.

Jumatatu mama wa yule mvulana alikuja kunitafuta nyumbani. Hakuja kwa ukali, na hilo ndilo lililoniuma. Aliketi, akakataa chai, akasema, "Mwalimu, sisi tulikuwa Likoni mwaka 97. Mimi nilikuwa msichana. Hayo mambo ya nani alikuja lini, sisi tulishayalipia."

Kwa asiyejua: usiku wa tarehe 13 Agosti 1997, miezi michache kabla ya uchaguzi, vijana wenye silaha walivamia kituo cha polisi cha Likoni, na kwa siku kadhaa zilizofuata watu wa bara walishambuliwa. Waliouawa waliuawa, maelfu wakakimbia wakiwa na nguo walizovaa. Wengine walivuka kivuko wakaja huku upande wetu na hawakurudi tena. Darasani kwangu mwaka huo haukuwa na boksi. Ubao wangu ulikuwa umeishia 1963, kama vitabu vingi vinavyopenda kuishia, bendera ikishapanda.

Nilimwambia mama yule nitaacha. Na kweli niliacha, Jumamosi tatu.

Jioni moja nilikuwa nimekaa barazani na wazee wanaocheza bao karibu na msikiti. Nimewaona tangu utotoni, lakini nadhani siku ile ndiyo mara ya kwanza niliangalia. Bao la Kiswahili lina mashimo thelathini na mawili, safu nne za mashimo manane, na kete sitini na nne, komwe za kijivu zinazofanana zote. Hakuna nyeupe na nyeusi kama kwenye drafti. Kete ni yako kwa sababu tu iko upande wako sasa hivi. Na ukiliwa, kete hazitolewi ubaoni kuwekwa kando kama maiti. Mwenzako anazichukua na kuzipanda kwenye mashimo yake, zinaendelea kuzunguka, na mbili tatu baadaye unaweza kuzirudisha. Mchezo unaweza kuisha bila hata kete moja kupotea. Kinachopotea ni safu ya mbele: ikibaki tupu, umeshindwa, hata kama nyuma umejaza.

Nikafikiria Mombasa. Watu walewale walioomba Waomani mwaka 1729, vizazi vichache baadaye wengine wao wanawatoa Wamazrui waliokuja kwa mlango huo huo. Waduruma, Wadigo, Wajomvu, leo huku kesho kule. Nani mwenyeji na nani mgeni inategemea umeingia mchezo ukiwa kwenye raundi gani. Hata Wachangamwe wenyewe walitoka huku barani wakavuka kuingia kisiwani, na wa leo wanaobeba jina lao kwenye vitambulisho vya makazi wametoka Siaya, Machakos, Taita, Kwale, Kakamega.

Nilirudi kwa yule mama. Nilimweleza nataka kujaribu kwa njia nyingine, na kama hataki mwanawe awepo nitaelewa. Alisikiliza. Akauliza swali moja: "Na 97 utaiweka?" Nikasema sijui. Akasema, "Iweke. Lakini wasiicheze. Waambie tu."

Hivyo ndivyo tunavyofanya sasa. Tunachora bao kwa chaki sakafuni. Kila mtoto ni kete, si mchezaji. Tukifika 1729 kundi fulani linaliwa, linavuka chaki, linaendelea na mchezo upande wa pili. Tukifika 1837 wengine wanavuka tena. Kila anayevuka lazima aseme sentensi moja: amevuka kwa nini, na ameacha nini nyuma. Mwisho wa saa hakuna aliye mahali alipoanzia, na wakikumbuka walianza wapi wanacheka. Tukifika 1997 tunakaa chini sote, nawasimulia, hakuna anayevuka. Mara ya kwanza yule mvulana aliniambia mama yake amemwambia zaidi kuliko nilivyosema mimi. Sikumuuliza nini.

Sitaki kukudanganya kwamba bao limemaliza tatizo. Yule msichana wa gredi ya sita, yeye tena, alilitoboa kwa dakika mbili: "Ticha, lakini kete huchezwa na mtu. Kwani kete haiwezi kukataa?"

Ikabidi niongeze 1947. Tarehe 13 Januari mwaka huo wafanyakazi zaidi ya 15,000 wa Mombasa, bandarini, relini, mahotelini, mpaka majumbani, waliacha kazi kwa karibu wiki mbili. Kwa nini? Mishahara ilikuwa duni, kodi za nyumba na bei za vyakula zimepanda tangu vita. Wa pwani na wa bara pamoja. Kutokana na mgomo ule kiongozi wao Chege Kibachia alipata umaarufu uliomfanya akamatwe kabla mwaka haujaisha. Kwa hiyo sasa, tukifika 1947, kete zinakaa. Mwenye mkono wa kucheza anasema "njoo" na hakuna anayeinuka. Watoto wanaipenda sehemu hiyo kuliko zote. Wanakaa kwa bidii kabisa, midomo imefungwa, mpaka mtu acheke.

Ile karatasi ya friji bado ipo ukutani. Maboksi baada ya 1963 nimewaachia wao. Wiki iliyopita mmoja aliandika 2017: treni mpya, stesheni ya Miritini. Baba yake ni tanboi wa trela, na tangu makontena yaanze kupakiwa kwenye reli safari zimepungua. Akachukua kalamu achore nyoka. Kichwa kilikuwa kimeshatokea, na ulimi, aliposimamishwa na rafiki yake ambaye baba yake ni mlinzi wa stesheni.

"Ngoja kwanza," akamwambia. "Nyoka wa nani?"